Pumzi Tatu Mbele ya Mama Hylde

Hvamdrup, 3 Juni 1938

Bibi yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni juu yako tu, hasa macho na kifua. Je, ukungu wa machoni umezidi? Kikohozi kimekuacha tangu jua lianze kuwaka?

Bibi, nina habari isiyopendeza, na naomba usikasirike kabla Kresten hajafika mwisho wa barua. (Kresten, tafadhali soma yaliyoandikwa tu, usiongeze yako. Wewe kazi yako ni kupeleka barua, si kuzitunga.) Bwana Fuglsang amekataa kunipa likizo. Nilisimama mbele ya meza yake nikiwa na hoja nne nilizoziandaa. Nilipofika ya pili akaniuliza, "Toft, unataka siku tatu za kwenda kuchuma maua? Wewe karani au nyuki?" Ofisi nzima ikacheka. Nikasema asante, nikarudi kwenye kiti changu.

Kwa hiyo mwaka huu sitakuja. Tangu nikiwa na miaka sita sijawahi kukosa msimu wa kuchuma. Nawe huwezi tena kupanda ngazi, wala hulioni ua lililofunguka na lililofumba. Naikumbuka Februari ile, siku kumi na moja ambazo hukumeza kitu isipokuwa sharubati yako ya maua meupe ya mti wa hylde, vijiko viwili katika maji ya moto. Daktari mwenyewe alisema ndiyo iliyokuvusha. Chupa ya mwisho iliisha Machi. Sitaki baridi ikukute kabati likiwa tupu.

Nimewaza hivi. Nyuma ya ofisi yetu kuna kiwanja cha marehemu mjane Maren Lau. Nyumba imeshabomolewa ili barabara mpya ipite, na pembeni umebaki mti mmoja wa hylde, mkubwa kuliko wako, uliojaa vichwa vya maua. Nitaitengeneza sharubati mimi mwenyewe, huku huku, kisha nikutumie kwa basi. Lakini naomba vipimo kamili. Usiniandikie "kiasi cha kutosha".

Mjukuu wako,
Asger


Ellekær, 7 Juni 1938

Asger, mume wangu,

Salamu zako zimefika, nami nakurudishia mara mbili. Kifua changu kinaimba asubuhi, mchana kinanyamaza. Macho ni kama kutazama kupitia maziwa. Naandika nikiwa nimeweka rula chini ya mstari, basi ukiona mstari umepanda mlima, jua rula iliteleza.

Unasema hofu ni juu yangu tu. Mwongo! Hofu unayo ya kuitosha wilaya nzima na bado ukabakiwa na ya akiba. Kresten anasema siku ukioa, utamwandikia mkeo barua ya maombi ndipo umbusu. Nimemwambia afunge mdomo asome, halafu nikacheka mpaka nikakohoa.

Haya, vipimo. Mashada arobaini. Uchume siku kavu, umande ukishakauka, kabla ya saa sita mchana. Chagua yaliyofunguka yote, yenye unga wa njano. Usiyaoshe, utaosha harufu. Yapigepige wadudu watoke. Kata vikonyo vya kijani, vinaleta uchungu. Maji lita mbili yaliyochemka, sukari kilo mbili, malimau matatu yaliyokatwa mviringo, na ndimu ya unga vijiko viwili vya kulia. Funika kwa kitambaa safi siku nne, ukoroge asubuhi na jioni. Chuja, tia chupani. Na maua yakishachumwa usiyaache kikapuni ukaenda kupiga soga, yatanuka mkojo wa paka, na mama mwenye nyumba wako atakufukuza wewe pamoja na paka asiyekuwepo.

Sasa sikiliza hili, ni kubwa kuliko sukari. Kila mwaka nilikuacha usubiri getini, nawe ukadhani nilikuwa nahesabu mashada. Sikuwa nahesabu. Mti una mwenyewe. Tunamwita Mama Hylde; mama yangu alimwita hivyo, na mama yake vilevile. Huchumi kabla hujamwomba. Unavua kofia, unasimama mbele ya shina, unasema kwa sauti, si kwa kunong'ona: "Mama Hylde, nipe katika maua yako, nami sitachukua zaidi ya niliyoomba." Kisha unasubiri pumzi tatu. Majani yakitulia, chuma. Yakitikisika bila upepo, nenda zako. Na glasi ya kwanza ya sharubati ni yake. Unaimwaga mizizini.

Usicheke. Na usione haya.

Bibi yako


Hvamdrup, 20 Juni 1938

Bibi mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Natumaini nawe u mzima, na kwamba kifua kinazidi kunyamaza.

Sharubati imekuwa! Nimepata chupa sita, rangi yake kama majani makavu ya ngano. Bi Thyra, mama mwenye nyumba wangu, alionja glasi ya kwanza, akafumba macho, akasema sasa anaelewa kwa nini nililigeuza jikoni lake kuwa bustani.

Nilichuma Jumamosi ya tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi. Nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Kiwanja kile kipo chini ya mamlaka ya ofisi yetu, kwa hiyo niliandika maombi, Bwana Fuglsang akayagonga mhuri huku akitikisa kichwa: Kibali Namba 112. Madirisha yote yalikuwa wazi. Gerda, mpiga chapa wetu, alijiegemeza dirishani akapaza sauti, "Toft! Vua kofia basi, si unamtembelea mwanamke?" Wengine wakapiga makofi. Nilichuma haraka, lakini nilihesabu vizuri. Arobaini kamili.

Jambo moja dogo. Nilipokuwa nakata la arobaini, mwanamke mzee mwenye shali ya kijivu alikuwa amesimama upande wa pili wa shina. Sikumsikia akija, na pale chini kumejaa vigae vilivyovunjika. Hata kuku angesikika. Akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema, "Ndiyo, mama." Akasema, "Haya." Nilipoinua kikapu hakuwepo. Nadhani ni jirani.

Nitakutumia chupa nikipata sanduku imara.

Mjukuu wako,
Asger


Ellekær, 23 Juni 1938

Asger,

Salamu. Mimi sijambo. Wanakusanya kuni za moto wa mkesha wa Mtakatifu Yohana, nasikia watoto wakiziburuta mbele ya nyumba.

Nimemfanya Kresten asome barua yako mara tatu. Mara ya tatu hata yeye hakutania.

Glasi ya kwanza alionja Bi Thyra. Basi na mengine nimeyajua. Umeniandikia kuhusu mhuri, kibali, namba ya kibali, mpaka idadi ya mashada, lakini hukuandika kwamba ulifungua mdomo ukaomba. Ungekuwa umeomba ungeniambia majani yalifanya nini.

Sijawahi kukueleza kwa nini nashika sana jambo hili. Mwaka 1889, kabla baba yako hajazaliwa, tulikuwa na mtoto wa kwanza, jina lake Ane. Susu yake, kitanda kidogo cha kumbembelezea, ilivunjika mguu. Babu yako Mikkel, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haraka. Akatoka na shoka, akakata tawi la hylde pale pembeni ya chumba cha kufulia, akachonga mguu mpya. Hakuomba. Alisema, "Mti ni wangu, kiwanja ni changu, nimwombe nani?" Tangu usiku huo kila asubuhi tulimkuta Ane ameteremka mpaka mwisho wa susu, na miguu yake ina alama za bluu, kama vile mtu ameivuta. Aliishi wiki tisa. Daktari aliandika kifua.

Sijui, Asger. Labda kilikuwa kifua kweli. Lakini miaka hamsini karibu sijachukua hata jani bila kuuliza.

Niambie ukweli.

Bibi yako


Hvamdrup, 30 Juni 1938

Bibi mpendwa,

Salamu. Siwezi kukuandikia kwamba mimi ni mzima.

Sikuomba. Nilisimama mbele ya shina nikiwa na nia ya kusema, na Gerda akapaza sauti yale maneno kuhusu kofia, nikaona nyuso zote dirishani. Nikatoa kibali mfukoni. Nilikinyoosha kuelekea kwenye mti, Bibi, kama ninavyokinyoosha kwa mlinzi wa lango, na moyoni nikasema imeruhusiwa. Nilidhani karatasi yenye mhuri inatosha. Karatasi yenye mhuri ndiyo kitu pekee nilichofundishwa kukiamini.

Yule mwanamke anakuja ofisini. Tangu tarehe ishirini na moja, kila siku ya kazi, saa tisa alasiri. Anasimama kwenye kaunta yangu. Mara ya kwanza alisema, "Nani aliruhusu?" Nikamwonyesha nakala ya kibali. Aliiangalia kwa muda mrefu kama mtu asiyejua kusoma, kisha akasema, "Mimi sikuulizwa." Kila siku ni maneno hayo hayo. Hana hasira. Heri angekuwa nayo. Shali yake inadondosha unga wa njano juu ya mbao za kaunta, nami naufuta kwa kiganja.

Jana Gerda aliniuliza, safari hii bila kucheka, "Asger, unaongea na nani?"

Na kuna lingine. Mezani kwangu ipo amri ya kuukata ule mti. Bwana Fuglsang anataka barabara ianze mwezi ujao, na anayetia sahihi amri za viwanja ni mimi. Nimeificha chini ya faili nyingine kwa siku tisa.

Naogopa kwamba malipo ya nilichokichukua yatachukuliwa kwako. Kifua chako. Nisaidie, nifanye nini?

Mjukuu wako,
Asger


Ellekær, 4 Julai 1938

Asger, mume wangu,

Salamu, na pumua kwanza. Mimi nipo, nakunywa kahawa, nimekula samaki wa chumvi na mkate mweusi, kwa hiyo usinizike kabla ya siku yangu.

Kresten anauliza kama huyo bibi anahitaji stempu. Ametania, lakini barua yako aliiweka mezani upesi kama kaa la moto.

Fanya hivi. Chukua chupa moja nzima, ambayo haijaguswa na mtu. Nenda kwenye mti mchana kweupe, madirisha yakiwa wazi na watu wakiwa wamejaa. Haya ndiyo iliyokuponza, basi haya ndiyo utakayomtolea. Vua kofia. Sema: "Mama Hylde, nilichukua bila kuomba. Naomba sasa." Mwaga chupa yote mizizini. Subiri pumzi tatu. Na ile amri ya kukata usiitie sahihi mpaka umemwomba na hilo pia. Watakucheka, ndiyo. Kicheko hakivunji mfupa.

Mimi nami nimetoka leo asubuhi kwa fimbo mpaka kwa mti wangu. Nimemwambia kijana huyo ni wangu. Nimesema, kama ni lazima kuchukua, achukue lililoiva, aache chipukizi. Majani yalitulia. Usilie kwa hilo. Mimi nina miaka sabini na tatu, nimeiva mpaka nimeanza kuanguka mwenyewe.

Fanya upesi.

Bibi yako


Hvamdrup, 11 Julai 1938

Bibi mpendwa,

Salamu. Nijibu upesi kwamba u mzima, hata kwa mstari mmoja.

Barua yako ilinifikia Alhamisi asubuhi. Niliiweka mfukoni, na chupa ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya meza. Nilisubiri saa sita watu watoke kula. Kisha nikakumbuka ulisema wawepo, nikasubiri warudi. Saa nane Bwana Fuglsang alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Akainua faili moja, akainua la pili, akaiona amri. "Toft," akasema, "hii karatasi inaatamia yai?" Akaniwekea kalamu mkononi. Bibi, sahihi ilikuwa imeshaandikwa kabla sijaamua chochote. Ni sahihi nzuri, imenyooka. Hata haikutetemeka.

Mti ulikatwa Jumamosi. Niliisikia misumeno nikiwa kwenye kaunta. Saa tisa ilipofika niliinua macho. Hakuja.

Jana, Jumapili, nilikwenda wakati hakuna mtu. Nilivua kofia, nikasema maneno, nikamwaga chupa juu ya kisiki. Hakukuwa na majani ya kutulia wala ya kutikisika. Mkato ulikuwa umelowa, ingawa mvua haijanyesha wiki mbili. Nilidhani nikiacha kumwona nitafurahi. Sasa najiuliza tu amekwenda wapi.

Chupa nne zimeondoka leo kwa basi, ndani ya sanduku la mbao lenye jina lako. Ni zako. Usingoje baridi, anza kunywa sasa.

Mjukuu wako,
Asger


Hvamdrup, 22 Julai 1938

Bibi,

Nakusalimu. Siku kumi na moja sijapata neno, wala Kresten hajaniandikia.

Leo nilimsubiri dereva wa basi kituoni. Namba yake ya gari, tarehe na saa ninazo. Nilimuuliza kama sanduku lilifika. Akasema, "Lilifika siku ile ile. Nilimkabidhi bibi yako mwenyewe, alikuwa anangoja kituoni Ellekær. Mzee yule bado ana nguvu! Alilipakata mikononi kama mtoto mchanga, akaondoka nalo kwa miguu." Nikamuuliza alivaa nini. Akasema shali ya kijivu.

Bibi, wewe huna shali ya kijivu. Na toka nyumbani hadi kituo huwezi kufika.

Nakuja kesho. Sikuomba likizo.

Asger


Ellekær, 13 Julai 1938
(iliyokutwa juu ya meza ya jikoni, chini ya rula)

Asger, mume wangu,

Salamu. Leo kifua hakikuimba kabisa, hata asubuhi.

Sanduku lako limefika. Sikulipokea kituoni, lililetwa mlangoni juzi jioni. Miaka miwili sijaona sura ya mtu, Kresten kwangu ni kofia na sauti tu, lakini nilipofungua mlango niliona kila uzi wa shali yake. Nilijua ni nani. Nikasema, "Karibu ndani, miguu yako imechoka." Akaingia akakaa kwenye kiti cha Mikkel.

Nikafungua chupa. Glasi ya kwanza nikampa yeye, kama inavyotakiwa. Ya pili nikanywa mimi. Ni nzuri, Asger. Limau umezidisha kidogo.

Akasema, "Sina pa kukaa." Nikasema, "Najua. Ukija kwangu basi wameukata, na anayetia sahihi ni mjukuu wangu." Akasema, "Yule mwoga." Nikasema, "Huyo huyo. Lakini ana mkono mwepesi na haibi, alihesabu arobaini akaishia arobaini." Akamaliza glasi yake. Nikamuuliza habari za Ane. Aliniambia, na alichoniambia sitakiandika, ila nilishusha mzigo niliokuwa nimeubeba tangu mwaka ule.

Kisha nikamuuliza habari zako. Akasema, "Bado hajaniomba mbele ya watu." Nikasema, "Ataomba. Mpe muda. Mimi nitakaa nawe mpaka aje." Ameridhika na hilo. Ameniambia nisiende mikono mitupu, basi kesho umande ukikauka nitatoka na glasi yangu.

Usije mbio na usikimbie huko uliko. Njoo Juni.

Bibi yako


Ellekær, 12 Juni 1939

Bibi yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya. Hofu ninayo bado. Sikuiacha Hvamdrup nilipohama, imekuja nami pamoja na masanduku.

Mwaka jana Kresten alikukuta asubuhi ya tarehe kumi na nne umeketi chini ya mti wako, mgongo umeegemea shina, glasi tupu mapajani, na macho yako, anasema, yalikuwa yanatazama kitu kilicho karibu sana. Hakuthubutu kuniandikia. Alinisubiri getini siku nane kila alipomaliza barua zake. Barua yako alinipa mkononi, akasema, "Hii sikuisoma, Asger. Naapa." Ndipo nikajua alikupenda.

Machi nilirudi ofisini kuchukua vitu vyangu. Kile kisiki kilikuwa kimetoa chipukizi moja, urefu wa kalamu, pembeni ya lami mpya. Nilisubiri mpaka saa tisa, madirisha yalipojaa. Nilivua kofia. Nilisema kwa sauti, mpaka Bwana Fuglsang akatoka nje na kikombe mkononi: "Mama Hylde, nilichukua bila kuomba, na nilikata bila kuomba. Naomba hiki kimoja, nikakipande panapofaa." Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha. Nilivuta pumzi tatu. Gerda ndiye aliyeleta kisu na kitambaa chenye maji. Naye alikuwa ametoa kofia yake kichwani.

Nimekipanda upande wa kulia wa mti wako. Kimeshika. Kina majani kumi na sita. Sasa pana nafasi ya wawili.

Naandika nikiwa nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya kikapu. Kresten aliniuliza barua hii aipeleke wapi. Nimemwambia asubiri getini, kama mimi nilivyokuwa nikisubiri. Wanawake wawili wamesimamisha baiskeli barabarani wanatazama. Waache watazame.

Zamani sikujua unamwambia nani. Leo najua, na sijui kama nikuite bibi au nikuite kwa lile jina lingine. Nipeni katika maua yenu. Mashada arobaini, nami sitachukua zaidi ya niliyoomba. Limau nitapunguza.

Nimevua kofia. Upepo hakuna tangu asubuhi. Nasubiri pumzi tatu.

Mjukuu wako,
Asger